Kukosea Hesabu Si Kosa la Nidhamu

Kila unapokaribia upimaji wa Darasa la Nne na Kidato cha Pili, sisi wathibiti ubora wa shule hapa Kigoma hupokea malalamiko yaleyale: mtoto anaumwa tumbo siku yenye kipindi cha Hisabati, ikifika saa nne amepona. Mzazi anasema hana kichwa cha hesabu. Mwalimu anasema mzazi hakagui daftari.

Nenda asubuhi mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanakoshushia samaki. Binti wa Darasa la Sita anayemsaidia mama yake kuuza dagaa, ukimwagiza visado vitatu na nusu kwa shilingi 12,000 kila kimoja, hashiki hata kalamu: 42,000. Ukitoa 50,000 anakurudishia 8,000. Mwite ubaoni, mwandikie 3½ × 12,000, anaganda. Kichwa ni kilekile.

Kilichoingia ni hofu, na hofu hiyo imechunguzwa. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk, walionyesha kwamba wasiwasi wa hesabu unakula nafasi ya kumbukumbu ya muda mfupi, ile tunayoshikia tarakimu tukiwa tunakokotoa. Shida ilionekana zaidi kwenye kujumlisha kwa kubeba. Kwa hiyo mtoto anayesahau ile moja aliyobeba huenda si mzembe. Nafasi ya kuishikia imejaa woga.

Wazazi, kauli ya "hata mimi zilinishinda, ni ya ukoo" haimfariji mtoto, inampa ruhusa ya kuacha. Kuhusu dai kwamba wasichana hawawezi hesabu siongezi neno, nimeshawaonyesha yule binti wa Kibirizi. Na mtoto wa Darasa la Pili ahesabu kwa vidole bila kuchekwa, amepewa kumi.

Sasa viboko, maana hapa ndipo simu nyingi zinapotoka. Kanuni za Adhabu ya Viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, zinaruhusu adhabu hiyo kwa utovu mkubwa wa nidhamu au makosa mazito yanayoishushia shule hadhi tu. Anayeitoa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi; nasisitiza, kwa maandishi, si kwa kuambiwa ofisini wakati wa chai. Havizidi vinne kwa mara moja. Umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Mwanafunzi wa kike anaadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kila adhabu inaandikwa kitabuni: kosa, idadi ya viboko na aliyeitoa. Anayekiuka anachukuliwa hatua za kinidhamu. Kukosa swali la sehemu hakumo humo hata ukisoma mara tatu. Walimu wengi mnalijua hili, na ninaamini wanaokosea wanasukumwa na hamu ya kuona watoto wakifaulu.

Lakini tazama kinachopotea fimbo ikitangulia. Mtoto ameandika ½ + ⅓ = 2/5. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Ana sababu yake. Muulize: ulikuwa na nusu ya mkate, ukaongezewa theluthi, umebaki na sehemu mbili za tano, ambazo ni pungufu ya nusu. Umeongezewa au umenyang'anywa? Atacheka, kisha atachora mkate, aukate vipande sita. Vitatu na viwili, 5/6. Hiyo ni dakika tano, na kosa hilo lisingeonekana kama angeogopa kuandika chochote.

Mzazi mwenye malalamiko aanzie kwa mwalimu wa somo, kisha mkuu wa shule, kisha kamati ya shule kwa msingi au bodi kwa sekondari, ndipo Afisa Elimu Kata. Akiruka ngazi tunamrudisha, na wiki imekwenda. Barua iambatane na daftari la mtoto lenye masahihisho. Wanaokuja bila daftari ndio tunaowauliza maswali mara mbili.