Je, wajua kwa nini kidonda cha upasuaji kinaweza kukauka leo, kikatoka damu kesho?

Mtoto ametahiriwa asubuhi. Damu imetoka kidogo, ikaganda, kidonda kikafungwa, mama akaambiwa aende nyumbani kwa amani. Alfajiri ya pili anaamka na kukuta shuka imelowa damu. Wanarudishwa hospitali mbio. Vipimo vya kuganda kwa damu, vile viitwavyo PT na APTT, vinatoka vizuri. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, nazo zinatosha. Sasa damu hii inatoka kwa nini?

Jibu mojawapo, nadra lakini la hatari, ni upungufu wa kurithi wa fakta ya 13, mojawapo ya protini za damu zinazosaidia damu kuganda. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya milioni 2, na aghalabu wazazi wote wawili huwa wamebeba kasoro hiyo bila wao wenyewe kuugua. Ndiyo maana huonekana zaidi katika koo zinazooana binamu kwa binamu.

Damu inapoganda, protini iitwayo faibrini hujitandaza nyuzinyuzi juu ya jeraha. Mwanzoni nyuzi hizo zimelaliana tu, kama wavu ambao mshonaji amepitisha kamba zote bila kupiga fundo hata moja. Ukiutazama ni wavu. Jodari akigonga, unaachana. Fakta ya 13 ndiyo inayopiga mafundo. Asiye nayo, damu yake huganda kwa muda uleule kama ya wengine, ila donge ni legevu. Mwili ukianza kuliyeyusha, kama ufanyavyo kwa kila donge, linamomonyoka mapema na damu inarudi, mara nyingi saa 12 hadi 36 baada ya kisu. PT na APTT hupima muda mpaka donge lianze kujitokeza, basi. Kama litadumu au halitadumu, si kazi yake.

Mwaka 1948 Laki na Lorand walieleza kwamba kuna kitu ndani ya damu kinachoimarisha faibrini, na mwaka 1960 Duckert na wenzake wakamweleza mgonjwa wa kwanza, mvulana wa Uswisi. Kipimo cha zamani ni chepesi kukiona: donge la damu hutiwa kwenye maji yenye kemikali iitwayo yurea. La mtu mzima wa afya hubaki lilivyo. La mgonjwa wa upungufu mkali huyeyuka, na chupa hubaki na maji matupu. Siku hizi maabara zenye uwezo hupima kiwango chenyewe cha fakta, maana yurea haiwanasi wenye upungufu wa kadiri.

Kwa maoni yangu, swali la bei rahisi kuliko vipimo vyote ni hili, na liulizwe kabla ya tarehe kupangwa: “Mama, kitovu cha mtoto kilipodondoka, kilitoka damu siku nyingi?” Wengi wa wenye upungufu mkali walitoka damu kitovuni. Kwa mwanamke, aulizwe pia kuhusu mimba zilizoharibika mfululizo.

Akishajulikana, upasuaji unawezekana. Hupewa fakta ya 13 iliyokolezwa, kwa mshipa, muda mfupi kabla ya kisu. Isipokuwepo, hutumika plazima (majimaji ya damu) iliyohifadhiwa kwa barafu, au kraiyo, sehemu ya plazima hiyo yenye fakta kwa wingi. Fakta hii hukaa sana mwilini: hupungua nusu baada ya siku 9 hadi 14, wakati fakta ya 7 hupungua nusu kwa saa 4 hadi 6 tu, na mgonjwa wa hiyo huchomwa tena na tena usiku na mchana. Hata hivyo upasuaji mkubwa hula akiba, kwa hiyo kiwango hupimwa tena baadaye. Aspirini haifai, sindano za msulini huepukwa, na kwa kuwa vidonda vya wagonjwa hawa huchelewa kufunga, nyuzi za mshono zisiharakishwe kutolewa. Asiruhusiwe kwenda nyumbani jioni ileile eti kwa sababu bandeji ni kavu.

Aliyekwisha kuwekwa kwenye dozi ya kinga, yaani fakta ya 13 ya kuzuia damu kabla haijatoka, huchomwa takriban kila wiki 4. Upasuaji usio wa dharura hupangwa uangukie mara tu baada ya sindano, akiba ingali juu.