Mchwa si aina ya chungu

Juzi jirani yangu aliniita nione "mchwa" waliojipanga kutoka dirishani hadi kwenye kopo la sukari. Walikuwa sisimizi. Nyuma ya kabati, vijia vyembamba vya udongo vilipanda ukutani hadi kwenye kenchi, navyo hakuvijali kabisa.

Chungu ni jina la jumla la wadudu wa familia ya Formicidae, jamaa wa nyuki na nyigu. Duniani zimeshaorodheshwa spishi zaidi ya 14,000. Siafu, sungusungu, majimoto na sisimizi wote wamo. Mchwa hayumo. Zamani wataalamu walimtengea oda yake, Isoptera, lakini uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba yeye ni tawi la ukoo wa mende. Kumwita "chungu mweupe" ni kama kumwita popo ndege.

Mvua zikianza, mwokote kumbikumbi mmoja chini ya taa. Huyo ni mchwa mwenye mbawa. Mbawa zake nne zina urefu sawa, kiuno hana, na vipapasio vyake vimenyooka kama uzi wa shanga. Chungu mwenye mbawa ana mbili za mbele ndefu kuliko za nyuma, kiuno kimebanwa kama kilichofungwa uzi, na vipapasio vimekunjwa mithili ya kiwiko. Malezi nayo ni tofauti. Mtoto wa mchwa hutoka yaini na miguu yake, tayari ana sura ya wazazi. Wa chungu ni buu asiye na miguu, wa kulishwa na kubebwa. Majimoto huwashika mabuu wao mdomoni na kuwapitisha huku na huku, hariri yao ikishona majani ya mwembe au mkorosho kuwa kiota. Mchwa hana buu wa namna hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kilishawatenganisha wadudu hawa zamani. Majimoto aliitwa hivyo na watu walioonja tindikali yake. Wale sungusungu weusi wakubwa, wenye harufu kali, hutoka kwa mstari kwenda kuvamia mchwa na kurudi wamewabeba mdomoni: mla na mliwa, nasi tunataka kuwapa jina moja! Hata watoto wa madrasa wanawajua wawili hawa katika habari za Nabii Suleiman. Chungu ndiye aliyewaonya wenzake waingie majumbani mwao jeshi lisije likawaponda, na sura nzima, An-Naml, ina jina lao. Aliyeila fimbo ya Nabii hadi mwili ukaanguka, majini wakatambua kwamba alishafariki, ni mdudu mwingine, anayetajwa katika Sura ya 34. Walimu wetu walitufasiria kuwa ni mchwa, na mtu yeyote aliyewahi kuona nguzo iliyoliwa kwa ndani huku nje ikiwa nzima hahitaji kuelezwa kwa nini.

Jirani sikumbishia. Nilimwambia tu, "Hao wa sukarini ni sisimizi, wafagie, funika kopo. Mchwa wako wapo huku nyuma ya kabati. Lete tochi tupande darini."