Stekihausi ya kizamani ni nini hasa, na kwa nini watu wa safari za kikazi hawaikosi

Ukitumwa kikazi Marekani na wenzako watatu wanne wa ofisini, iwe New York au Chicago, jioni ya mwisho lazima mmoja atasema leo twendeni stekihausi. Na hataki stekihausi yoyote tu, anataka ile ya kizamani. Sasa hiyo ya kizamani ndo ipi, maana steki zinauzwa kila mahali?

Ni mgahawa ambao umesimama kwenye kitu kimoja tu, pande nene la nyama ya ng'ombe lililochomwa kwa moto mkali kupita kiasi, na vilivyobaki vyote ni wasindikizaji. Ukiingia unakuta kuta za mbao, taa hafifu, meza zenye vitambaa au mbao tupu, weita mtu mzima ambaye kazi anaijua na hana muda wa kukubembeleza, na menyu ambayo ukirudi baada ya miaka kumi utaikuta karibu ile ile. Zingine ni za siku nyingi kweli. Old Homestead ya New York ilifunguliwa 1868, Keens 1885, Peter Luger ya Brooklyn 1887, na kule Chicago Gene & Georgetti ipo tangu 1941.

Ila uzee wa jengo sio hoja, hoja ni nyama. Wizara ya Kilimo ya Marekani inapanga nyama ya ng'ombe kwa madaraja, la juu linaitwa Prime, linafuata Choice, afu Select, na wanachoangalia ni umri wa mnyama na vile vinyuzi vyeupe vya mafuta vilivyopita ndani ya msuli wenyewe, sio mafuta ya pembeni. Stekihausi za namna hii zinagombania Prime. Halafu hawaichomi ikiwa mbichi ya jana, wanailaza kwenye chumba cha baridi, nyuzi joto chache tu juu ya sifuri, feni zinapuliza, wiki tatu nne na wengine zaidi. Humo ndani maji yanapungua kwa hiyo ladha inajikusanya, na vimeng'enya vya nyama yenyewe vinalegeza nyuzi taratibu. Ganda la nje linakauka na kuwa jeusi, hilo wanalikata wanatupa. Kwa hiyo umepoteza maji, umepoteza ganda, na umeweka mzigo wiki nzima nzima bila kuuza, hapo ndo bei inapotokea, sio kwenye vitambaa vya meza.

Kwa kundi la marafiki kipande cha kukijua ni potahausi. Kinatoka mgongoni karibu na kiuno, katikati kina mfupa wenye umbo la T, upande mmoja wa mfupa ni stripu yenye ladha nzito na upande wa pili ni fileti ile laini. Tiboni ni ndugu yake wa damu ila fileti yake ni nyembamba. Potahausi mara nyingi inauzwa ya watu wawili, watatu au wanne, inaletwa ikiwa imeshakatwa vipande na sahani ya moto, kila mtu anachota.

Na hapo ndo ugomvi unapoanza, kwa sababu mkichangia pande moja inabidi mkubaliane kiwango kimoja cha kuiva! Rea ni nyekundu na katikati bado baridi kidogo, midiamu rea ni kama nyuzi joto 55 katikati, weli dani imepita 70 na hakuna wekundu tena. Mwenzenu akiona ule mchuzi mwekundu atasema hii ina damu, mimi sili. Sio damu jamani, damu ilishatoka machinjioni, hayo ni maji ya msuli yenye protini inayoitwa mayoglobini ambayo ndo inaipa nyama rangi. Ila asilazimishwe pia, maana hiyo wizara yenyewe inashauri nyuzi joto 63 kisha nyama ipumzike dakika tatu, na midiamu rea iko chini ya hapo. Mwenye wasiwasi aagize yake peke yake iive anavyotaka, yaishe.

Kinachowashtua wageni ni kwamba nyama inakuja yenyewe tu. Viazi unanunua kando, spinachi ya krimu kando, saladi kando. Sahani za pembeni lakini ni kubwa, kwa hiyo watu wanne wakiagiza mbili au tatu za kuchangia inatosha kabisa, kila mtu akiagiza yake mtamwaga chakula.

Kuhusu hawa wasafiri wa kikazi, mapenzi yao yana mkono wa kodi ndani yake. Zamani kampuni ya Marekani ilikuwa inaondoa gharama yote ya mlo wa kibiashara kwenye hesabu za kodi, Rais Jimmy Carter akaipigia kelele miaka ya 1970 bila mafanikio, sheria ya 1986 ikashusha hadi asilimia 80 na ya 1993 ikashusha hadi 50. Mwaka 2021 na 2022 ikarudi asilimia 100 kwa muda ili kuinua migahawa baada ya korona, sasa ni nusu tena. Hata hiyo nusu inafanya bosi asikunje uso sana akiona risiti.

Kama lakini posho yenu ni ya kila mtu kivyake, mwambieni weita mapema, kabla ya oda, kwamba bili zitenganishwe. Tipu ni asilimia 18 hadi 20, ila kundi likiwa kubwa angalieni kwanza chini ya bili, mara nyingi wameshaiweka humo humo, msipoangalia mtailipa mara mbili.