Mafuta hayaondoi chumvi ya mtutu

Wazee wengi hapa Unguja waliowahi kushika bunduki kuukuu za jeshi, kama Lee-Enfield ya Waingereza, watakwambia maji ni adui wa chuma: mtutu unafutwa kwa mafuta tu. Kwa risasi za zamani, hilo si kweli, na inauma kuona mitutu mizuri ikiliwa kwa sababu yake.

Tatizo ni fataki, kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti. Fataki nyingi za kijeshi za zamani zilitiwa potasiamu kloreti. Ikiungua huacha potasiamu kloridi, chumvi iliyo ndugu na hii ya mezani, nayo hunyonya unyevu. Hewa yetu ya pwani unyevu inao wa kutosha! Chumvi hiyo haiyeyuki kwenye mafuta, unaifunika tu. Leo kitambaa cheupe kinatoka mtutuni safi, keshokutwa kinatoka na rangi ya hudhurungi ya kutu.

Mvuvi wa Malindi analijua hili: mashine ya boti ikitoka baharini huisuuza kwanza kwa maji matamu. Wanajeshi wa Uingereza nao walimimina maji ya moto mtutuni. Yanayeyusha chumvi, na chuma kikishapata moto hukauka upesi. Kisha kitambaa kikavu, kingine, kingine tena, ndipo mafuta mepesi. Amonia wanayoisifu wengine huondoa mabaki ya shaba yanayoachwa na risasi. Chumvi huondolewa na maji yaliyochanganywa na hiyo amonia.

Kabla ya yote, hakikisha bunduki haina risasi. Na vijishimo ambavyo kutu imeshavichimba havizibiki kwa kusafisha.