Cheti cha Ukutani Hakipimi PFAS

"Maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, basi yatosha." Kati ya dhana zote kuhusu upimaji wa PFAS, zile kemikali sugu zinazoitwa kemikali za milele, hii ndiyo yenye hasara kubwa. ISO/IEC 17025 ni kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na ithibati ni uthibitisho wa mtu wa nje kwamba maabara inakifuata. Ithibati haipewi jengo. Hutolewa kwa kipimo fulani, katika aina fulani ya sampuli, kwa mbinu fulani. Maabara inaweza kuwa na ithibati halali ya kupima floridi katika maji ya kunywa, na kwa PFAS isiwe na chochote. Omba kiambatisho cha wigo wa ithibati, usome mstari kwa mstari, kisha ukihakiki kwa aliyekitoa. Kwa Kenya mtoaji ni KENAS, shirika la ithibati la nchi hiyo. Maabara za Tanzania huweza kuipata kwa SADCAS, shirika la ithibati la nchi za SADC.

"Ripoti imesema haikuonekana, kwa hiyo haimo." Haikuonekana kuanzia kiwango gani? Mwaka 2024 Marekani iliweka ukomo wa nanogramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa kwa PFOA, na kiasi hicho hicho kwa PFOS, ambazo ni aina mbili za PFAS. Katika bwawa la kuogelea lenye lita milioni 2.5, hiyo ni miligramu 10 tu, haifiki hata chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Maabara ambayo haiwezi kupima kwa uhakika chini ya nanogramu 10 haina la kukwambia kuhusu 4, hata ripoti yake iwe na mihuri mitatu.

"Wamepima PFAS zote." Hakuna anayezipima zote, zipo maelfu. Mbinu ya Marekani namba 533 hupima 25, namba 537.1 hupima 18, na kwa kuwa nyingi zinajirudia, ukizitumia zote mbili unapata 29. Dai orodha ya majina.

"Sampuli tupu ni kulipia maji safi." Hapa ndipo wateja wengi hutaka kubana matumizi, na ndipo matokeo huharibika. PFAS zimo katika makoti ya mvua, katika baadhi ya vifungashio vya chakula, hata ile tepu nyeupe ambayo fundi bomba huzungusha kwenye nyuzi za bomba ni jamaa yao. Ndiyo maana maabara makini hukutumia chupa ya polipropilini yenye maji yaliyohakikiwa kuwa hayana PFAS. Unaifungua pale pale bombani, unamimina maji yake katika chupa nyingine tupu, kisha unairudisha hiyo ya pili, ndiyo sampuli tupu, pamoja na sampuli halisi. PFAS zikikutwa humo, huenda uchafu umetoka mkononi mwako, kwenye nguo au njiani. Bila chupa hiyo, utalilaumu bomba lisilo na kosa.

"Urejeshaji usipokuwa asilimia 100, wamekosea." La. Mpimaji huongeza kiasi kinachojulikana cha kemikali iliyowekewa alama ya isotopu, yaani atomi zenye uzito tofauti kidogo, kisha huitumia kusahihisha hesabu. Urejeshaji ni asilimia ya kiasi hicho inayoonekana mwishoni mwa upimaji. Mbinu 533 hukubali urejeshaji wa kemikali hizo kati ya asilimia 50 na 200. Mimi hushtuka zaidi nikiona safu nzima imeandikwa 100.

"Maabara iliyowahi kufeli majaribio ya umahiri haifai." Katika majaribio hayo, mtu wa nje hutuma sampuli ambayo jibu lake analijua yeye peke yake. Kufeli mara moja hutokea. Uliza chanzo kilikuwa nini, nini kilirekebishwa, na raundi iliyofuata ilikuwaje. Anayelifungua faili hilo mbele yako nitampa chupa zangu kabla ya yule anayesema hajawahi kukosea.