Crohn sio kinga iliyoshuka

Kuna kauli haifi mtandaoni, eti mwenye ugonjwa wa Crohn (ule wa utumbo kuvimba na kupata vidonda kwa muda mrefu) kinga yake imeshuka, kwa hiyo anywe mlonge na tangawizi apandishe kinga. Hapana jamani, ni karibu kinyume chake.

Utumbo wetu umejaa bakteria matrilioni na kwa kawaida kinga inaishi nao kwa amani, kuna ute unawatenga na ukuta, kuna na seli za kutuliza ambazo kazi yao ni kuwaambia wenzao tulieni, huyo jirani. Kwenye Crohn hiyo amani imevunjika, ukuta unavuja, seli za kinga zinakutana na bakteria wa kawaida tu zinawaona wavamizi, zinamwaga kemikali kama TNF, kemikali inaita seli zingine, nazo zinamwaga zaidi, vita haviishi na anayeumia ni utumbo wenyewe.

Kaukweli kadogo kapo lakini. Mwaka 2001 iligundulika hitilafu kwenye jeni ya NOD2, inayosaidia seli kutambua bakteria mapema, yaani mlinzi wa getini kasinzia ndo huku ndani wanapanic. Ila wengi wenye hitilafu hiyo hawaugui kabisa.

Pilipili na mawazo vinaweza kuchokoza dalili, haviuanzishi. Sigara ndo inauzidisha kweli.

Na dawa je? Infliximab, iliyoruhusiwa Marekani 1998, inaizima hiyo TNF, haipandishi kinga. Ndo maana kabla hujaanza unapimwa TB kwanza, maana TNF hiyohiyo ndo inayomfungia mdudu wa TB asitoke.