Kima asichorwe anatabasamu

Ombi la wachapishaji kwetu wachoraji wa vitabu vya watoto ni lilelile: "Ngano tunayo, ni fupi, tuwekee tu picha za kupendezesha." Kana kwamba kazi ya mchoraji ni kurudia kwa rangi kile ambacho mtoto ameshasomewa.

Chukua Kima na Papa, iliyosimuliwa Unguja na kuchapwa na mmisionari Mwingereza Edward Steere huko London mwaka 1870. Chimbuko lake ni Panchatantra, mkusanyo wa kale wa ngano za India, ambako rafiki wa kima ni mamba. Katika Kalila na Dimna, tafsiri yake ya Kiarabu, akawa kobe. Kisa mnakijua: papa kambeba kima, katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wa papa ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo kauacha mtini; papa anamrudisha aufuate, naye akishapanda hashuki tena.

Hapo ndipo vitabu huharibika. Maneno yanasema "Kima akaogopa sana", na picha inaonyesha kima kaachama, machozi tele. Futa kimoja. Mimi hufuta maneno, kisha uso wa kima nauacha mkavu. Mkia tu ndio umejisokota kwenye pezi la papa. Asiyejua kusoma atauona kabla ya anayemsomea. Jibu la moyo nalo likae nyuma ya ukurasa wa kulia. Likikaa mkabala na ombi la papa, jicho hulirukia na ujanja umekwisha. Kibaya kupita vyote ni kima anayetabasamu kijanja. Papa hamwoni, sawa, lakini mtoto anamwona, na mtoto ndiye tunayemficha!

Safari ya kwenda, papa aelekee kulia. Ya kurudi, kushoto. Ukichanganya, mtoto atadhani bado wanakwenda kwa sultani.

Mengine haraka: kurasa 32, maneno yasizidi 40 kwa kila kurasa mbili zinazotazamana, ziada ya milimita 3 pembeni kwa ajili ya kukatwa, uso wa mhusika usikae kwenye mkunjo. "Hadithi hii inatufundisha nini?" ondoeni.

Linalonitatiza ni kisa cha punda wa dobi, aliyemponyoka simba, akashawishiwa kurudi, akaliwa; ndicho anachokisimulia kima akiwa juu mtini papa anapomwita ashuke. Wengi hukikata. Bila hicho kima kaponea chupuchupu, basi. Nacho, anamwambia papa kwamba yeye si punda wa kumrudia simba mara ya pili. Lakini je, mtoto wa miaka mitano hushika hadithi ndani ya hadithi? Sina hakika. Hukichora kwa wino mweusi mtupu ili jicho lijue tumehama. Simba anapomla punda, naonyesha kwato tu, na hata hizo wahariri huzikataa.